Koleo la trekta Karagwe na Kyerwa: hesabu inaanzia kwenye gogo

Gogo la mkaratusi lenye kipenyo cha sentimita 30 na urefu wa futi 12 lina ujazo wa takriban mita za ujazo 0.26. Mkaratusi mbichi una uzito unaokaribia ule wa maji, yaani kilo 1,000 kwa mita moja ya ujazo. Gogo hilo basi lina kilo 260. Pendekezo Na. 128 la Shirika la Kazi Duniani (ILO), la mwaka 1967, linataka hatua zichukuliwe kupunguza mzigo wowote unaozidi kilo 55 kwa mwanamume mmoja. Kwa kipimo hicho gogo moja linahitaji watu watano. Wakilibeba wanne, kila bega lina kilo 65, tena kwenye mteremko, na mmoja akiteleza mzigo wake unawaangukia wenzake.

Ndiyo maana koleo la trekta, yale makucha ya chuma yanayofungwa mbele ya trekta kubana magogo na matawi, linavutia. Swali ni kama linalipa kwa mkulima wa Karagwe au Kyerwa. Jibu langu ni kwamba kwa kaya moja halilipi, lakini kwa kikundi cha kaya kuanzia 70 linaweza kulipa, mradi likae kando ya barabara ya lori badala ya kuhangaika kwenye vibanja. Hesabu yenyewe ni hii.

Miti inatoka wapi, na mingapi

Mwaka 1994 wilaya ya Karagwe, ambayo wakati huo ilijumuisha Kyerwa, ilipokea wakimbizi wengi kutoka Rwanda, na mahitaji ya kuni na miti ya kujengea yakaila misitu iliyozunguka kambi. Kyerwa ikawa wilaya kamili mwaka 2012. Mwaka 2019 mapori ya Ibanda na Rumanyika yakapandishwa hadhi kuwa hifadhi za taifa, Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe, na humo hakuna ruhusa ya kukata mti. Kwa hiyo mbao inabidi zitoke kwenye miti ambayo wakulima wameipanda wenyewe. Mradi wa Emiti Nibwo Bulora, ulioanzishwa na shirika la Vi Agroforestry na kusajiliwa chini ya Plan Vivo, kiwango cha miradi ya kaboni, umefanya kazi katika wilaya hizi mbili kwa njia hiyo hasa: miti kwenye mipaka ya shamba, miti ndani ya mazao, na mashamba madogo ya miti.

Sasa hesabu ya kaya. Kibanja cha ekari moja chenye umbo la mraba kina mzunguko wa mita 254. Ukipanda mgrivea au mkaratusi kila baada ya mita 3 mpakani, unapata miti 85. Tuseme mkulima anavuna miti 8 kwa mwaka huku akipanda mingine, na kila mti unatoa magogo mawili ya futi 12. Hayo ni magogo 16, sawa na mita za ujazo 4.2 kwa mwaka.

Bei ya koleo ikigawanywa kwa magogo

Bei ninazotumia hapa ni za mfano. Ziondoe uweke zile unazopewa na muuzaji, fundi na dereva wako. Tuseme koleo ni shilingi milioni 12, litadumu miaka 10, na matengenezo ya mwaka (mipira ya haidroliki, pini, kuchomelea meno) ni asilimia 10 ya bei. Gharama yake kwa mwaka ni milioni 2.4. Kaya yenye mita za ujazo 4.2 ingebeba takriban shilingi 570,000 kwa kila mita ya ujazo, kabla hata ya kuwasha trekta. Hakuna mbao ya Karagwe wala Kyerwa inayoweza kubeba gharama hiyo.

Tulihamishe koleo hadi barabarani, mahali magogo yanaposubiri lori. Lori la tani 8 linachukua magogo 30, yaani tani 7.8. Tuseme watu sita wanalipakia kwa saa nne, wakisukuma magogo juu ya mihimili kwa mitaimbo. Ujira wa 6,000 kwa kila mmoja ni 36,000. Lori likisimama linagharimu 20,000 kwa saa, jumla 80,000. Safari moja inakuwa 116,000. Koleo, likitumia dakika mbili kwa gogo, linamaliza kwa saa moja: trekta, mafuta na dereva 30,000, lori kusimama 20,000, jumla 50,000. Unaokoa 66,000 kwa kila lori, na 60,000 kati ya hizo zinatokana na muda wa lori. Ujira wa watu unachangia 6,000 tu. Mwenye kununua koleo kwa kutegemea kupunguza vibarua atapata hasara, kwa sababu faida iko kwenye saa za lori na kwenye migongo inayonusurika.

Gawanya milioni 2.4 kwa 66,000, unapata malori 37 kwa mwaka. Hayo ni magogo 1,110, au miti 555. Kwa miti 8 kwa kaya, ni kaya 70. Na hapo tumechukulia kwamba trekta tayari lina mikono ya kunyanyulia mbele. Matrekta mengi ya kulimia nchini, Massey Ferguson za zamani na Ursus zilizounganishwa Kibaha zikiwemo, kwa kawaida hayana mikono hiyo. Ikiwa seti ya mikono nayo inagharimu milioni 15, gharama ya mwaka inapanda hadi milioni 5.4, na unahitaji malori 82, yaani kaya 154.

Trekta linabeba kiasi gani kweli

Kikundi kikishapata idadi hiyo, kosa linalofuata huwa ni kuchagua koleo kubwa mno. Chukua mikono iliyoandikwa kuwa inanyanyua kilo 900. Kipimo hicho mara nyingi huchukuliwa kwenye pini, mwisho wa mikono. Gogo halikai kwenye pini. Linakaa nusu mita au zaidi mbele yake, kama ndoo unayoishika kwa mkono ulionyooka badala ya kuikumbatia kifuani. Ukikadiria kwamba uwezo unabaki asilimia 70, una kilo 630. Toa uzito wa koleo lenyewe, tuseme kilo 250, na zinabaki 380. Hizo zinatosha gogo letu moja la kilo 260, lakini la pili halitanyanyuka. Koleo pana la kilo 400 lingekuachia kilo 230, na hata gogo moja lingekushinda. Kwa trekta dogo, kila kilo ya chuma unayopunguza ni kilo ya mti unayoongeza.

Nguvu ya kubana haileti shida kubwa. Silinda yenye kipenyo cha milimita 50 kwenye mgandamizo wa bar 180 inasukuma kwa takriban tani 3.6. Ikiwa ncha ya kucha iko mbali mara nne kuliko pini ya silinda, nguvu nchani inashuka hadi kilo 900 hivi. Inatosha kushika mkaratusi wenye gome linaloteleza. Kinachostahili kuulizwa zaidi ni vali: koleo linahitaji njia yake ya mafuta ya haidroliki, mbali na zile mbili za kupandisha mikono na kuinamisha kifaa. Trekta lisilokuwa na njia ya tatu litahitaji kuongezewa, na gharama hiyo iingie kwenye hesabu mapema.

Umbo la kucha nalo lichaguliwe kwa kazi iliyopo. Koleo la meno mengi yaliyopangwa kama reki limetengenezwa kukusanya vichaka na visiki. Linafaa kwenye malisho yaliyovamiwa na lantana, au pale ranchi inaposafishwa. Kwenye kibanja halina kazi kubwa: matawi yanakwenda jikoni kama kuni, na majani ya mgrivea yanatandazwa chini ya migomba. Kwa magogo tosheka na koleo jembamba la kucha mbili au tatu zinazopishana. Ni jepesi, na linashika gogo moja bila kuokota udongo. Udongo ukiingia kwenye gome unaua msumeno siku hiyo hiyo.

Mteremko na njia nyingine

Vilima vya Karagwe na Kyerwa vinatoza gharama ambayo jedwali la muuzaji haliioneshi. Trekta lenye zaidi ya kilo 500 za koleo na gogo mbele, zikiwa zimenyanyuliwa juu, linapoteza uzito kwenye magurudumu ya nyuma. Likikatiza mteremko kwa ubavu linaweza kupinduka. Uzito wa kusawazisha nyuma ni lazima, mzigo uwe chini usawa wa goti wakati wa kutembea, na dereva awe ndani ya fremu ya usalama akiwa amefunga mkanda. Pale ambapo hayo hayawezekani, usilipeleke trekta.

Huko juu, njia ya wapasuaji mbao ina hesabu yake nzuri. Ubao wa inchi 2 kwa 6 wa futi 12 una uzito wa kilo 28 hivi ukiwa mbichi. Mtu mmoja anaubeba kwa usalama. Kupasua palepale kisikini kunaondoa tatizo la kilo 260 bila mashine yoyote ya kunyanyulia. Bei yake ni unga wa mbao: mnyororo wa msumeno unakula karibu milimita 8 kwa kila mkato, na kwa ubao wa milimita 50 hiyo ni takriban asilimia 14 ya mti. Kwa kaya yenye miti 8, hasara hiyo ni ndogo kuliko gharama ya koleo. Kwa nguzo za umeme hali ni tofauti. Nguzo ya mita 10 yenye wastani wa sentimita 20 ina kilo 314, na haiwezi kukatwa vipande. Wanaouza nguzo ndio wa kwanza kunufaika na koleo la pamoja.

Kabla ya kutafuta bei, kikundi kiweke daftari mezani. Wakulima waliochora mipango ya ardhi yao chini ya Plan Vivo wana mahali pa kuanzia. Andikeni idadi ya miti, umri wake, kipenyo chake, mwaka wa kuvuna, na kama kibali cha kuvuna na hati ya kusafirisha vitapatikana kwa wakati. Jumlisheni malori ya kila mwaka kwa miaka 10 ijayo. Yakiwa chini ya 37, nunueni mitaimbo, minyororo na glavu, mkakodi trekta siku za nguzo. Yakifika 37 au zaidi, na trekta lenye mikono mnalo, kaeni mjadili koleo jembamba, dereva mmoja aliyefundishwa, na uwanja mmoja wa magogo ambao kila kaya inaweza kuufikia.