MSIMU WA 2021/22: YANGA KOMBE, SIMBA BEI

Wafanyabiashara wa Kabungu, mkoani Katavi, wanaofikiria kufungua kibanda cha kuonyesha mpira hawana budi kuutazama upya msimu wa Ligi Kuu Bara wa 2021/22. Uwanjani ulikuwa msimu wa Yanga. Sokoni hesabu ilikuwa nyingine.

Chini ya kocha Mtunisia, Nasreddine Nabi, Yanga walicheza michezo 30, wakashinda 22, wakatoka sare 8 na hawakufungwa hata mmoja. Walimaliza na pointi 74. Simba, waliokuwa wametwaa ubingwa mara nne mfululizo, waliambulia 61.

Huo ndio uliokuwa msimu wa kwanza wa mkataba wa matangazo ya televisheni kati ya Azam Media na TFF, wenye thamani ya Sh. bilioni 225.6 kwa miaka kumi. Benki ya NBC nayo ilidhamini ligi kwa Sh. bilioni 2.5. Bingwa alitengewa Sh. milioni 500, wa pili nusu yake.

Mdhamini mwenza, GSM, hakufika mbali. Alisaini Novemba 2021, Februari 2022 akajitoa. Simba walikuwa wamekataa kuvaa nembo ya kampuni inayowafadhili watani wao. Mnunuzi wa mazao anayesaini na chama cha ushirika anaijua hatari hiyo: mwenyekiti anaweka saini, lakini mzigo uko kwa wanachama.

Kioja kikubwa zaidi kilikuja baada ya ligi kwisha. Julai 2022 Yanga, bingwa asiyefungwa, walisaini na SportPesa kwa zaidi ya Sh. bilioni 12 kwa miaka mitatu. Mwezi uliofuata Simba, waliokosa ubingwa, walisaini na M-Bet kwa zaidi ya Sh. bilioni 26 kwa miaka mitano. Ukigawa kwa mwaka, Yanga walipata kama bilioni nne na Simba zaidi ya tano. Aliyeshindwa aliuza ghali kuliko bingwa! Lakini Simba walikuwa wamefika robo fainali za Afrika mara tatu katika misimu minne, na mnunuzi wa nembo hatazami mwaka mmoja.

Waliofaidi kwa mtaji mdogo ni Geita Gold, timu ya halmashauri iliyopanda daraja msimu huo huo. Walishika nafasi ya nne, na George Mpole akawa mfungaji bora kwa mabao 17, akimpita Fiston Mayele wa Yanga kwa bao moja. Faida hiyo haikudumu. Mpole alikwenda Lupopo ya Lubumbashi, na mwaka 2024 timu ilishuka daraja.

Katavi haikuwa na timu katika ligi hiyo, kwa hiyo fedha za mlangoni hazikufika huku. Kilichofika ni picha, na picha ina gharama zake: kisimbuzi hulipiwa kila mwezi, watu wawe na fedha au wasiwe nazo.

Hapo ndipo kalenda inapomuumiza mwenye kibanda. Simba na Yanga walikutana kwenye ligi Desemba 11, 2021 na Aprili 30, 2022, mara zote 0-0. Mechi ya Desemba ilikuta mkulima akinunua mbegu na mbolea, ya Aprili ilimkuta akisubiri mavuno. Fedha za mazao zilipoanza kuzunguka, ligi ilikuwa imepoa, kwani Yanga walitangazwa mabingwa katikati ya Juni wakiwa na michezo mkononi.

Kombe la Shirikisho ndilo lililoangukia kwenye mavuno. Mei 28 Feisal Salum aliwafunga Simba bao pekee la nusu fainali, Mwanza. Julai 2, mjini Arusha, Yanga na Coastal Union walitoka 3-3 na kombe likaamuliwa kwa penalti, Yanga wakilichukua. Kibanda kilichozima kisimbuzi baada ya ligi kilikosa mechi yenye mabao mengi kuliko watani wote wawili waliyofungana msimu mzima.