Unasafiri na Laini Gani?

Wanaokuja kibandani kwangu wakiwa na safari huuliza jambo lile lile: laini gani ina kasi huko ninakokwenda? Mimi huwajibu kwa swali. Hiyo namba uliyonayo mkononi, imefungwa na mambo gani? Hapo huanza kuhesabu polepole. Pesa zilizomo kwenye simu. Benki, ambayo kila ukitaka kuhamisha fedha inakuletea meseji ya tarakimu za siri. WhatsApp, na humo ndani kundi la ukoo. Mchezo wa kina mama wa kila mwezi. Akimaliza kuhesabu anaona mwenyewe kwamba kasi si tatizo lake. Tatizo ni vipi ataondoka na namba ile ibaki hai.

Kibanda changu kipo Malindi ya Unguja, karibu na geti la bandari, upande ambao harufu ya diko la samaki inakufikia kabla hujaiona bahari. Nauza laini, nasajili, naweka na kutoa pesa. Hapa wanapita wote: abiria wa boti ya Dar es Salaam, wa Pemba na mafurushi yao, watalii wenye mabegi ya magurudumu yanayogota kwenye mawe, na wasichana wanaokwenda Oman kufanya kazi za ndani, wengi wao wamesindikizwa na mama zao. Hao wa mwisho ndio ninaowakalisha kitako.

Kwanza niseme habari ya namba zetu. Zantel ilianza kazi mwaka 1999, na kwa watu wa Unguja na Pemba namba ya 0777 imekuwa kama jina la ukoo: mtu hajavaa nyengine toka aolewe. Kampuni yenyewe imepita mikono mingi. Mwaka 2015 Millicom, waliokuwa na Tigo, walinunua sehemu kubwa. Mwaka 2022 biashara yote ikaenda kwa kundi linaloongozwa na Axian. Na mwishoni mwa 2024 mabango yakabadilishwa yakaandikwa Yas. Wazee bado wananiambia, "Mwanangu, niwekee vocha ya Zantel," nami nawawekea. Namba zao hazikuguswa. Hata anayechoshwa na mtandao wake hana haja ya kuitupa namba, kwani tangu Machi 2017 Tanzania inaruhusu kuhamia kampuni nyengine na namba yako ile ile. Nalisema hili kwa sababu kuna watu wanaodhani safari ndiyo wakati mzuri wa kuanza upya. Wanavunja laini wakati boti inapiga honi.

Laini ya Tanzania haibebeki kirahisi kama zamani. Usajili sasa ni kwa alama za vidole na namba ya NIDA. Wengi mnaikumbuka ile Januari ya 2020, foleni za mwisho kabla ya tarehe 20, siku ya kufungwa laini zisizosajiliwa. Kidole ndicho kinachonipa kazi hadi leo. Anakuja bibi wa Paje ambaye maisha yake yote amelima mwani, au mvuvi aliyevuta mishipi tangu utotoni, anaweka gumba kwenye mashine na mashine inakataa. Tunafuta kwa ncha ya kanga. Tunajaribu cha shahada. Tunajaribu mkono wa kushoto, tunalowesha kidogo, tunakandamiza pembeni pale ambapo mistari haijasuguika. Wengine hukubali mara moja, wengine huambiwa warudi kesho wakiwa hawajashika kazi.

Sasa ulitazame hilo kwa jicho la msafiri. Ukiipoteza laini yako Muscat au Birmingham, hakuna ndugu atakayekwenda dukani kukurudishia, maana kidole kinachotakiwa ni chako. Utasubiri mpaka urudi. Ndiyo maana nawaambia watu wasiitoe laini ya nyumbani na kuitia kwenye pochi. Laini ya siku hizi, ile ndogo kabisa wanayoiita nano, ina ukubwa wa milimita 12.3 kwa 8.8. Ya kwanza kabisa, iliyotengenezwa Munich mwaka 1991 kwa ajili ya mtandao mmoja wa Finland, ilikuwa na ukubwa wa kadi ya benki. Ile usingeipoteza ndani ya mshono wa mkoba. Hii ya leo, kama simu yako ni ya laini moja tu, ibandike kwa gundi ya karatasi ndani ya jalada la pasipoti. Bora zaidi, nunua simu ya laini mbili kabla ya kuondoka. Nafasi ya kwanza ikae ya nyumbani, ya pili iingie ya ugenini.

Inafanyaje kazi ikiwa huko? Ndani ya laini kuna namba nyengine usiyoiona. Za kwetu huanzia na 640, za Oman 422, za Imarati 424. Ukishuka uwanja wa ndege wa Muscat, mnara wa kule unaisoma 640, unauliza kwenu kama umeruhusiwa, kisha unakupokea kama mgeni. Hiyo ndiyo roaming. Kupokea meseji huku ukiwa mgeni mara nyingi hakukugharimu kitu, na meseji ndiyo unayoihitaji, kwa ajili ya benki na kwa ajili ya kuthibitisha WhatsApp. Kinachokula pesa ni kupiga, kupokea simu, na zaidi ya yote intaneti. Simu janja haina haya: inapakia picha, inasasisha programu, inavuta video za kundi la ukoo wakati wewe unasubiri begi. Kwa hiyo kabla ya boti au ndege, ingia kwenye mipangilio, zima data roaming kwa laini ya nyumbani. Iulize kampuni yako kama roaming imefunguliwa, kwani kuna laini zinazohitaji kufunguliwa ukiwa bado nchini. Acha salio kidogo. Na mara moja moja itumie, tuma hata meseji moja, kwa sababu laini inayokaa kimya miezi na miezi hufungwa na namba huuzwa kwa mtu mwengine.

Hapo ndipo vilio vinapozaliwa. Namba ikishapewa mtu mwengine, yeye ndiye atakayepokea tarakimu za benki yako. Akisakinisha WhatsApp, meseji ya kuthibitisha inakwenda kwake. Mwekee kizuizi mapema: ndani ya WhatsApp kuna sehemu ya uthibitisho wa hatua mbili, unajitungia PIN yako. Dakika mbili tu, na nawafanyia watu hapa hapa dirishani bila malipo.

Tuje kwa hawa wasichana wa Oman. Makampuni ya simu kule ni Omantel, Ooredoo na Vodafone, na bei zao zinatofautiana kwa ofa za msimu; sitakushughulisha nazo. Jambo la kuangalia ni jina litakaloandikwa kwenye laini. Laini ya kule husajiliwa kwa kitambulisho cha ukaazi au kwa pasipoti, na mfanyakazi mpya wiki za mwanzo hana kitambulisho, na pasipoti mara nyingi ameishika tajiri. Basi anapewa laini iliyosajiliwa kwa jina la mwenye nyumba. Inafanya kazi vizuri mpaka siku ambayo wamekosana. Aliyeandikwa jina anaweza kuifunga, na binti akabaki bila ya mtu wa kumpigia. Nimewasikia waliorudi wakisimulia, wamekaa hapa kwenye benchi langu, na hakuna hata mmoja aliyelalamikia kasi ya intaneti.

Kwa hiyo ninamwambia hivi. Pasipoti ikiwa bado mkononi mwako uwanjani, nunua laini ya wageni pale pale kwa jina lako, hata kama ni ghali kidogo. Ukipata kitambulisho cha ukaazi, sajili ya kudumu. Laini ya nyumbani usimwonyeshe mtu. Na namba tatu ziandike kwenye karatasi na uzijue kwa moyo: ya mama, ya wakala aliyekupeleka, na ya ubalozi wa Tanzania Muscat. Wasichana hucheka wanapoambiwa wahifadhi namba kwa kichwa. Mama zao hawacheki.

Wanaokwenda Dubai wana shida nyengine. Imarati kupiga simu kwa WhatsApp kumezuiwa. Maandishi na sauti zilizorekodiwa zinapita, mazungumzo ya moja kwa moja hayapiti. Ndio maana jamaa wa Dubai wanatuma sauti ndefu za dakika saba, na huku mama mtu anajibu kwa sauti nyengine ya dakika saba, mazungumzo ya siku nzima. Wapo wanaolipia vifurushi vya BOTIM, programu iliyoruhusiwa huko. Kabla hujachagua kifurushi kikubwa cha intaneti ukidhani utaongea na watoto kila usiku, jua kwanza kama nchi unayokwenda inaruhusu kuongea.

Kenya ni safari fupi na hesabu yake ni ya pesa. Mombasa na Nairobi duka, teksi, mama ntilie, wote wana namba ya M-Pesa ya kulipia, na M-Pesa yetu ya Vodacom si ile ya Safaricom ingawa jina ni moja. Tangu 2015 unaweza kutuma kutoka huku kwenda kule, na kwa siku mbili tatu inatosha. Ukikaa zaidi, chukua pasipoti, nunua laini ya Safaricom, weka shilingi za Kenya uishi kama wenyeji. Wanaopita Horohoro kwa basi wajihadhari pia: simu huruka mpakani na kushika mtandao wa upande wa pili kabla hujagongewa muhuri.

Uingereza hawakuulizi kitambulisho kwa laini ya vocha. Unaichukua dukani na kuondoka. Watu wetu wa London na Leicester wanazipenda Lebara na Lycamobile kwa sababu ya dakika za nje, lakini soma orodha ya nchi kabla ya kulipa, uone kama Tanzania imo au unanunua dakika za kuipigia Poland. Aliyeko Uholanzi au Denmark ana raha moja: tangu Juni 2017 laini ya nchi moja ya Umoja wa Ulaya hutumika katika nyengine kwa bei ya nyumbani. Uingereza imeshatoka humo, kwa hiyo laini ya London ukivuka nayo kwenda Paris uliza kwanza.

Na Marekani usiende na kitochi. Kampuni kubwa za kule zilizima 3G mwaka 2022, na kile kisimu chako cha betri ya wiki nzima kitakuwa saa na tochi. Simu ya 4G inayoweza kupiga simu kwa 4G ndiyo itakayokufaa.

Wageni wanaokuja kwetu nawapitia upesi, maana hoteli zinawajaza maneno ya kutosha. Laini ya Tanzania yenyewe ni kitu cha shilingi elfu moja au elfu mbili. Kinachogharimu ni bando. Mgeni anasajili kwa pasipoti na kidole. Siku hizi wanakuja Wamarekani ambao simu zao hazina hata tundu la laini: iPhone zilizouzwa kwao tangu toleo la 14 ni za eSIM tu, laini inayoshushwa kwa kupiga picha mchoro wa QR. Wengi wamenunua eSIM ya safari mtandaoni kabla ya kuondoka kwao. Nzuri, wanafika wana ramani na WhatsApp, lakini nyingi ni za intaneti pekee, hazina namba ya 255. Dereva wa Nungwi aliyeishiwa bando hawezi kuwapigia. Vijana wetu wa likizo kutoka Toronto nao wananunua hizo hizo, halafu wanaomba simu ya shangazi kutwa nzima.

Kuna jambo moja linalowapata wageni na wenyeji sawa, na hapa nazungumzia baadhi ya wenzangu wa mwavuli na meza ya plastiki. Unaweka kidole, unaambiwa, "Haijasoma, weka tena." Unaweka tena. Mara nyengine ni kweli haijasoma, nimeshaeleza habari za mwani. Mara nyengine kidole cha pili kimesajili laini ya pili kwa jina lako, na laini hiyo itauzwa kwa mtu anayetuma zile meseji za "ile pesa itume kwenye namba hii". Polisi wakifuatilia, jina watakalolikuta ni lako, na wewe uko Salalah unapika wali.

Kwa hiyo kabla hujaondoka mezani kwa yeyote, hata kwangu mimi, piga *106#. Ni menyu ya bure, utaona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako kwenye mtandao huo. Fanya hivyo kwa kila mtandao ulio nao. Ukikuta namba usiyoijua, usikubali kuambiwa itajifuta yenyewe. Nenda duka la kampuni hiyo na kitambulisho chako waifute ukiwa umesimama pale, na uende angalau siku moja kabla ya safari, isiwe Ijumaa, kwa sababu siku hiyo hufunga mapema.