Kushindana na Kivuli

Mzee alishusha fimbo akachora jembe kwenye vumbi. Mpini, kisha bapa, basi. Kando yake akachora nyumba ya paa la mgongo, ingawa yeye mwenyewe, kama wazee wengi wa Unyaturu, alizaliwa kwenye tembe. "Hawa wawili ndio waliokuwa wanagombana," akaniambia. "Unachagua jembe au unachagua nyumba. Lakini Mwalimu, mwanangu, alikuwa anagombana na kivuli."

Nilikuwa nimefika Sepuka kutafuta alizeti. Ni kata ya wilaya ya Ikungi, upande wa magharibi, kwenye ile barabara inayotoka Singida mjini kwenda Ndago na Kizaga. Wakulima hapa wanalima alizeti, mtama na uwele, na kuku wa Singida huna haja ya kumtambulisha kwa mtu. Bei hatukuelewana. Nikabaki kivulini nikisubiri usafiri, na mzee akaanza kunifundisha uchaguzi.

Jembe na nyumba zilianza mwaka 1965, uchaguzi wa kwanza wa chama kimoja. Karibu kila jimbo lilisimamisha wagombea wawili, wote wa TANU, na kwa kuwa wapiga kura wengi hawakujua kusoma, kila mmoja alipewa alama yake. Walipanda jukwaa moja, wakanadi sera ileile, kwa Kiswahili, na walikatazwa kuomba kura kwa kabila, rangi wala dini. Ukiusikia hivyo unaweza kudhani ulikuwa mchezo wa kuigiza. Haukuwa. Waziri wa fedha, Paul Bomani, alianguka mwaka ule, na hakuanguka peke yake.

Urais ulikuwa na utaratibu wake. Mgombea alikuwa mmoja, na mpiga kura aliulizwa swali moja tu: Ndiyo au Hapana. Upande wa Hapana haukuwa na picha ya mtu, ndiyo maana watu wa rika la huyu mzee wanakwambia Mwalimu Nyerere alishindana na kivuli. Mwaka 1965 kivuli kilipata kama asilimia 3 na nusu.

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alikuwa na hoja, nami nimeichukua: kivuli hakiwezi kushinda, lakini kinaweza kuhesabiwa. Ushahidi mzuri hautoki Singida, unatoka Zanzibar. Mwaka 1985 Idris Abdul Wakil aligombea urais wa visiwa peke yake, bila mpinzani, na kura za Ndiyo hazikufika hata theluthi mbili. Zaidi ya theluthi moja ya waliopiga kura waliingia kwenye chumba cha siri wakachagua hewa. Rais aliapishwa, serikali ikaendelea, lakini kila aliyekuwa na macho aliiona ile namba. Mwaka 1990 Wakil hakugombea tena.

Sasa njoo kwenye vyama vingi, tulivyovirudia mwaka 1992. Hapa ndipo pana jambo ambalo huwa tunalipita haraka mno. Tulipata majina mengi kwenye karatasi, na palepale tukaipoteza Hapana. Pakiwa na mgombea mmoja tu wa ubunge, sheria ilisema amepita bila kupingwa. Hakuna foleni, hakuna wino kidoleni, hakuna sanduku. Mwananchi mwenye kadi yake anasikia redioni kwamba mbunge wake ameshapatikana.

Si jambo geni. Mwaka 1960, kabla hata ya Uhuru, viti 58 kati ya 71 vilijazwa bila kura kupigwa, vyote vya TANU. Kati ya vile vilivyopigiwa kura, TANU ilikosa kimoja tu, cha Mbulu, si mbali sana na hapa: Herman Sarwatt, mwanachama wa TANU, alimshinda mgombea rasmi wa TANU kwa kusimama kama mgombea binafsi. Leo Sarwatt asingeruhusiwa hata kuchukua fomu. Mgombea lazima adhaminiwe na chama, na hukumu ya Mahakama ya Afrika ya Juni 2013, katika kesi aliyoifungua Mchungaji Christopher Mtikila, kwamba katazo hilo linavunja haki za watu, haijabadilisha sheria yetu.

Wilaya hii ya Ikungi nayo inaujua wimbo huo wa kupita bila kupingwa. Mwaka 2019 ilikuwa na majimbo mawili: Singida Magharibi, ambalo Sepuka ilikuwemo, na Singida Mashariki, lililokuwa la Tundu Lissu wa CHADEMA. Juni 2019, Lissu akiwa bado Ulaya alikokwenda kutibiwa baada ya kupigwa risasi Dodoma Septemba 2017, Spika alitangaza kwamba kiti kiko wazi. Uchaguzi mdogo ulipangwa Julai 31. Siku hiyo haikuwa na kazi, kwa sababu Miraji Mtaturu wa CCM, aliyekuwa mkuu wa wilaya hiihii, alikuwa ameshatangazwa kupita bila kupingwa. Watu wa Mahambe, kijiji alikozaliwa Lissu, na watu wa vijiji jirani hawakuulizwa kitu. Sisemi Mtaturu angeshindwa. Nasema hatujui, na hatutajua kamwe.

Mwaka uliofuata, majimbo zaidi ya 20 ya bara yalikwenda vivyo hivyo.

Mwaka 2024 sheria ikabadilika. Sheria mpya ya uchaguzi wa Rais, Wabunge na Madiwani iliondoa kupita bila kupingwa: mgombea akibaki peke yake atapigiwa kura ya Ndiyo au Hapana. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27 mwaka uleule, ambao husimamiwa na TAMISEMI na si Tume ya Uchaguzi, ulifuata utaratibu huohuo. Binti wa mzee, aliyeolewa wilaya nyingine, alimsimulia: kwenye kitongoji chao karatasi ilikuwa na jina moja. Ndiyo hapa, Hapana pale.

"Kivuli kimerudi," mzee akasema. Sikuweza kujua kama anafurahi au anakejeli.

Ningemshauri afurahi, kwa kiasi. Wakenya wana kumbukumbu ya kilicho kibaya zaidi. Mwaka 1988, katika uteuzi wa KANU, mpiga kura alipanga foleni mchana kweupe nyuma ya mgombea au wakala aliyeshika picha yake, chifu akiangalia. Aliyevuka asilimia 70 kwenye mlolongo hakuhitaji tena kura ya siri, na Wakenya hadi leo wanasimulia jinsi foleni fupi zilivyoshinda foleni ndefu. Waganda waliwachagua wenyeviti wa vijiji kwa kupanga mstari mwaka 2018. Hapana inataka mahali pa kujificha. India ilikwenda mbele zaidi: mwaka 2013 Mahakama ya Juu iliamuru mashine ya kura iwe na kitufe cha kukataa wagombea wote, hata wakiwa kumi. Kitufe hicho hakimwondoi mtu madarakani. Kinahesabiwa tu, kama kivuli cha Mwalimu.

Lakini Hapana ya kwenye karatasi haitoshi ikiwa majina yaliyokosekana yaliondolewa mapema. Neno la watu ni "kuenguliwa", na limekuwa la kawaida kama "kuteuliwa". Fomu ina kosa la herufi, mdhamini hakusaini pale, muhuri haupo. Mwaka 2019 CHADEMA ilijitoa kwenye uchaguzi wa vijiji na mitaa kwa malalamiko hayo, na CCM ikachukua zaidi ya asilimia 99 ya vijiji. Mwaka 2024 upinzani ulishiriki, na CCM ikapata zaidi ya asilimia 98 ya nafasi za wenyeviti.

Mtu wa mjini anaweza kusema, ah, uenyekiti wa kitongoji. Aje Sepuka. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji, ambayo inapaswa kupata idhini ya mkutano mkuu kabla ya kumgawia mtu. Ukitaka ekari tatu za alizeti, ukitaka barua ya utambulisho kwa ajili ya mkopo, ng'ombe wa jirani wakiingia kwenye uwele wako, huendi Ikulu. Unakwenda kwa mwenyekiti, na ukimkosa asubuhi unarudi jioni.

Kisha ukaja Oktoba 29, 2025. CHADEMA ilikuwa imezuiwa kushiriki baada ya kukataa kusaini kanuni za maadili ya uchaguzi, Lissu akiwa mahabusu kwa kesi ya uhaini, na mgombea wa ACT-Wazalendo, Luhaga Mpina, akiwa ameenguliwa. Siku yenyewe yakatokea maandamano na vifo, intaneti ikazimwa, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Tume ilimtangaza Rais Samia Suluhu Hassan mshindi kwa asilimia 97.66. Wagombea wengine walikuwa zaidi ya 15, kila mmoja na picha yake na nembo ya chama chake. Wote kwa pamoja hawakufikia kile alichopata kivuli mwaka 1965. Matokeo hayo, kwa Ibara ya 41(7) ya Katiba, hakuna mahakama inayoruhusiwa kuyachunguza. Kenya waliyafuta ya kwao mwaka 2017, Malawi mwaka 2020, na nchi hizo zipo palepale.

Nilipomuuliza mzee yeye alipigaje kura mwaka 2024 pale kijijini, alichomoa mfuko wa nailoni kwenye koti. Ndani mna kadi ya mpiga kura, safi kabisa, aliyoandikishwa kwa mashine mwaka 2015. Alikwenda nayo kituoni Novemba ile. Jina lake halikuwemo.

Hapa kosa ni la watu wengi, nami nimo. Kadi ni ya daftari la kudumu la Tume, kwa ajili ya Rais, mbunge na diwani. Uchaguzi wa kijiji una orodha yake, inayoandikwa upya na wakazi kujiandikisha kitongojini kwao, kisha inabandikwa ili watu wakague. Mwaka 2024 zoezi lilichukua siku 10 za Oktoba. Mzee siku hizo alikuwa anauguza mtu Singida mjini, na aliporudi alidhani kadi inatosha.

"Sasa ipi inatangulia?" akaniuliza.

Nikahesabu kwa vidole. Ya kijiji 2029, ya kadi 2030.

"Orodha, halafu kadi," akasema, kama mtu anayekariri dawa za asubuhi na za jioni. Akaifunga nailoni mafundo mawili, akairudisha kotini, akaniuliza nitakuwa na umri gani mwaka 2029. Nikamwambia. Yeye hakusema wake.