Nyumba ya bei nafuu haitolewi bure

Wengi wakisikia shirika la hisani linajengea maskini nyumba hudhani ni sadaka: funguo zinakabidhiwa, picha zinapigwa, basi. Habitat for Humanity, lililoanzishwa mwaka 1976 huko Americus, jimbo la Georgia, Marekani, halifanyi hivyo. Linauza nyumba. Linachoondoa ni faida ya muuzaji na, kwa utaratibu wake wa asili, riba ya mkopeshaji.

Tupige hesabu kwa shilingi zetu. Chukua mkopo wa milioni 20 wa miaka 15. Kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, rejesho la mwezi ni kama 280,000, na ukimaliza umelipa zaidi ya milioni 50: bei ya nyumba mbili na nusu, nawe umepata moja. Bila riba, rejesho ni 111,000 na ushei. Mabati ni yale yale, fundi ni yule yule. Mama lishe anaweza kujibana akaipata laki na kumi. Hiyo laki mbili na themanini ndiyo inayomkimbiza benki.

Marejesho huingia kwenye mfuko na kujengea familia nyingine, kama pesa za kikoba zinavyozunguka. Wazo hili lilianza mwaka 1968 katika shamba la Koinonia, karibu na Americus, kwa Clarence Jordan, mkulima na mhubiri, na Millard Fuller, mwanasheria aliyegawa utajiri wake. Mwaka 1973 Fuller alilipeleka Mbandaka, Kongo (Zaire ya wakati ule), akajenga huko miaka mitatu. Shirika lilizaliwa aliporudi kwao.

Familia nayo haikai kivulini ikisubiri. Hutoa mamia ya saa za kazi, kugonga misumari na kupaka rangi, mara nyingi kwenye nyumba ya mwenzao kabla ya yao. Matawi mengi ya Marekani huweka pia rehani ya pili, isiyodaiwa kila mwezi, inayobeba tofauti kati ya bei ya shirika na bei ya soko. Husamehewa kidogo kidogo kadiri familia inavyoendelea kukaa humo. Anayeuza mapema hulipa. Kwangu hicho ndicho kipengele chenye akili kuliko vyote, maana bila hicho madalali wangepiga hodi rangi haijakauka.

Ila mlango una kizingiti. Asiye na kipato cha uhakika, au aliyezama kwenye madeni, hapiti mchujo, kwa hiyo fukara kabisa hubaki nje. Halafu kuna kiwanja: mijini, ardhi yenyewe inaweza kuivuruga hesabu nzima hata riba ikiwa sifuri. Baadhi ya matawi sasa huiacha ardhi mikononi mwa taasisi ya jamii, na familia inamiliki nyumba tu.