ADF ni akina nani, na kwa nini vita vya Beni haviishi?

(Muziki wa kufungua. Unashuka polepole chini ya sauti.)

MTANGAZAJI: Ndugu wasikilizaji wa hapa kambini, na ninyi wenyeji wetu wa vijiji vya jirani mnaotusikiliza pamoja nasi, leo hatuna mgeni studio. Tuna swali moja tu, na nitajaribu kulijibu peke yangu kadiri ninavyoweza.

Swali limeletwa na mama mmoja anayekaa upande wa chini, karibu na bomba la maji. Alikuja wiki iliyopita, akakataa sauti yake irekodiwe. Binti yake wa miaka 12 alikuwa kwenye foleni ya maji. Vijana wakamtupia jerikeni lake pembeni, wakamwita mtoto wa ADF, kwa sababu anavaa hijabu. Familia hiyo imetoka Oicha, kama wengi wetu hapa. Na baba wa mtoto huyo aliuawa na ADF, shambani mwake, akivuna kakao.

Mama akaniambia hivi: "Ninyi wa redio kila siku mnasema Waislamu wenye silaha, Waislamu wenye silaha. Sasa nieleze, mwanangu. Mimi niko upande gani?"

Sikuwa na jibu. Alipoondoka nilifungua karatasi za vipindi vyetu vya nyuma nikasoma. Ni kweli, tumesema hivyo mara nyingi, na mimi nimesema. Tulipaswa kusema ADF, na kuishia hapo. Mama, kama unasikiliza, kosa hilo ni letu.

(Muziki mfupi.)

Basi, ADF ni akina nani? Wengi hapa tunawafahamu kwa panga lao tu. Historia yao hatuijui, hata sisi tuliokulia Beni.

Kundi hilo halikuzaliwa Kongo. Lilizaliwa Uganda, katikati ya miaka ya 1990. Kulikuwa na vijana wa Kiislamu wenye msimamo mkali waliogombana na serikali na hata na viongozi wa dini yao wenyewe. Mkuu wao alikuwa Jamil Mukulu, mtu aliyezaliwa Mkristo akasilimu baadaye. Walivuka mpaka, na katika milima ya Ruwenzori wakaungana na mabaki ya kundi lingine la waasi wa Uganda lililoitwa NALU. Hao wa NALU hawakuwa watu wa dini. Walikuwa na madai ya Wakonzo wa Uganda, na Wakonzo na Wanande ni ndugu, lugha yao inaelewana. Ndiyo maana wazee wetu mpaka leo wanasema "wa-NALU" wakiwa na maana ya ADF.

Mwezi wa Novemba 1996 walishambulia Mpondwe, upande wa Uganda. Mwezi wa Juni 1998 walichoma moto mabweni ya chuo cha ufundi cha Kichwamba, wanafunzi 80 wakafa. Wenyeji wetu Waganda wenye umri mkubwa wanaikumbuka siku hiyo. Kwa hiyo tukisema ADF ni balaa la Wakongomani peke yetu, tunawakosea.

Jeshi la Uganda liliwasukuma, wakabaki kwenye misitu ya Beni. Na hapa kuna jambo ambalo vijana hawapendi kulisikia: kwa miaka mingi watu wa ADF waliishi na wenyeji. Walioa kwetu. Waliuza na kununua sokoni. Walilima, walikata mbao, waliingia kwenye biashara ya dhahabu. Baba yangu mdogo alikuwa akisema kwamba zamani ungeweza kukutana nao njiani, mkasalimiana, kila mtu akaenda zake. Wakubwa fulani waliwatumia na wao wakawatumia wakubwa. Kundi la namna hiyo halijifichi msituni bila watu wa kulilisha.

(Sauti ya ngoma, sekunde tano.)

Mambo yaligeuka mwaka 2014. Mwezi wa Januari jeshi la Kongo, FARDC, lilianza operesheni ya Sukola ya kwanza, na katika miezi michache likazichukua kambi zao kubwa, hata ile waliyoiita Madina. Mukulu alikimbia. Mwaka 2015 alikamatwa Tanzania na kurudishwa Uganda. Uongozi ukashikwa na Musa Baluku.

Mwezi wa Oktoba 2014 mauaji ya raia yakaanza. Nilikuwa darasa la tano, Oicha. Ngadi, Eringeti, Oicha yenyewe: usiku mmoja hapa, usiku mwingine pale, kwa mapanga na mashoka ili risasi isisikike mbali. Sitaeleza zaidi, watoto wanasikiliza saa hizi.

Lakini sikilizeni vizuri sehemu hii. Wataalam wa Umoja wa Mataifa na watafiti wengine waliochunguza mauaji ya miaka ile walikuta kwamba si yote yalifanywa na ADF peke yao. Kulikuwa na wanamgambo wa kienyeji. Kulikuwa na ugomvi wa ardhi na wa uchifu, ambapo mtu alitumia jina la ADF kumaliza jirani yake. Hata maofisa fulani wa jeshi walitajwa, na mwaka 2018 Umoja wa Mataifa ulimwekea vikwazo jenerali mmoja wa FARDC. Ndiyo maana nasema, anayekuambia kwamba anajua kwa hakika nani alichinja kila kijiji, muulize amejuaje.

Halafu likaja jina la Dola la Kiislamu. Mwezi wa Aprili 2019 kundi hilo, lile la Iraq na Siria, lilitangaza kwa mara ya kwanza kwamba shambulio fulani katika eneo la Beni ni lake. Mwaka uliofuata Baluku akasema ADF haipo tena, sasa wao ni tawi la Dola la Kiislamu. Je, liligeuza nini msituni? Fedha kutoka nje ziliingia. Mabomu yakaanza kutegwa mijini. Video za kutafuta vijana zikaenea, na nyingine ni kwa Kiswahili, lugha hii hii ninayoitumia sasa. Wakapatikana huko Watanzania, Warundi, Wakenya, Wanyarwanda.

Ndugu, hapa nataka kusimama kidogo, kwa sababu linatuhusu hapa kambini. Watu wengi waliotoroka kutoka ADF wamesimulia jambo moja: hawakwenda kupigana. Mmoja aliahidiwa kazi. Mwingine aliahidiwa shule, masomo ya nje, nauli imelipwa. Alipofika aliingizwa msituni, akanyang'anywa simu, na njia ya kurudi ikafungwa. Kijana wa kambini asiye na kazi, aliyemaliza sekondari kama mimi na anakaa tu, ndiye anayetafutwa. Mtu akikuahidi kazi mbali, halafu hataki umwambie mama yako unakwenda wapi, usipande gari hilo. Mwambie mzee wa bloku, au mtu wa ofisi ya ulinzi unayemwamini.

(Muziki mfupi.)

Sasa majeshi. Swali tunaloletewa kuliko yote ni hili: majeshi ni mengi hivi, kwa nini ADF haiishi?

Hesabu pamoja nami. Kuna FARDC. Kuna askari wa Umoja wa Mataifa, MONUSCO. Hao nao wamekufa: tarehe 7 Desemba 2017, kambi yao ya Semuliki ilishambuliwa usiku na wakauawa walinda amani wa Tanzania wasiopungua 14. Walikuja kutulinda na walikuwa na watoto kwao. Hata hivyo mwaka 2019, baada ya FARDC kuanza operesheni nyingine kubwa na ADF kulipiza kwa raia, watu wa Beni walichoma jengo la meya na kuvamia kambi ya MONUSCO. Hasira ile naielewa, nilikuwa miongoni mwa vijana waliotembea siku ile. Mwezi wa Mei 2021 serikali iliweka Kivu ya Kaskazini na Ituri chini ya utawala wa kijeshi, magavana wakawa wanajeshi. Mauaji hayakusimama.

Tarehe 16 Novemba 2021 mabomu yakalipuka Kampala. Wiki mbili baadaye, tarehe 30, jeshi la Uganda, UPDF, likaingia Kongo kwa makubaliano na serikali ya Kinshasa. Hiyo ndiyo Operesheni Shujaa.

Nasema haya nikiwa nimepokelewa Uganda, kwa hiyo pimeni maneno yangu. Shujaa imevunja kambi nyingi za ADF. Mateka wametoka, na wengine wamefika hapa. Kuna barabara zilizopitika tena. Lakini adui aliposukumwa hakukaa mahali pamoja. Alijigawa katika vikundi vidogo na kukimbia mbele: Irumu, Mambasa, na tangu 2024 hata Lubero, ambako watu hawakuwa wamezoea vita hivyo na askari walikuwa wachache. Ukipiga nyuki kwa kijiti wanahama tu. Na kila wanapohama wanaua raia, ili jeshi lirudi nyuma kulinda vijiji na wao wapate nafasi. Mwezi wa Juni 2023 waliivamia shule ya sekondari ya Mpondwe, hapa Uganda. Walikufa watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Mwezi wa Julai 2025 waliingia kanisa la Komanda, Ituri, watu wakiwa katika mkesha wa sala. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo waliwakuta watu kwenye matanga, Ntoyo, Lubero.

Kuna na jambo la imani kati ya watu na majeshi. Mkongomani wa Ituri anakumbuka vita vya 1998 mpaka 2003, wakati jeshi la Uganda lilikuwa kwetu bila kualikwa. Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua mwaka 2022 kwamba Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 kwa uharibifu wa wakati ule. Uamuzi huo ulitoka tarehe 9 Februari, Shujaa ikiwa na miezi miwili na siku chache! Sasa mwambie bibi wa Bunia kwamba askari yule yule amekuja kumlinda. Anaweza kukubali, lakini hatalala usingizi. Na mtu asiyemwamini askari hampi habari kwamba ameona wageni shambani. Zaidi ya hapo, vita vya M23 vilipokua na Goma ikaanguka mwezi wa Januari 2025, macho na silaha za serikali vilielekea huko.

(Muziki mfupi.)

Narudi kwa mama wa bomba la maji.

Ni kweli, wengi wa waliouawa ni Wakristo, kwa sababu wakulima wengi wa Beni na Ituri ni Wakristo. Ni kweli ADF inasema inapigania dini. Lakini Sheikh Ali Amini wa mjini Beni alikuwa akiwakemea watu hao mbele ya waumini wake, akiwaambia vijana wasidanganywe. Tarehe 1 Mei 2021 alipigwa risasi ndani ya msikiti, wakati wa sala ya jioni. Kabla mwezi haujaisha, kiongozi mwingine wa Kiislamu aliuawa vilevile, Mavivi, karibu na Beni. Waislamu ni wachache kwetu, na wale wanaosema wazi dhidi ya ADF wamelipa kwa damu.

Na dini si mpasuko pekee. Huko Boga na Tchabi, Wanyabwisha waliohamia kutafuta mashamba wameitwa wote ADF. Huko Mbau, kuna waliosema Wavuba wote ni ADF. Halafu nini kinatokea? Kijana anayetuhumiwa kila mahali, anayepigwa na umati, anayekimbizwa na askari, mlango mmoja tu unabaki wazi kwake, na ADF wanaujua mlango huo. Hawahitaji kuhubiri sana. Majirani zake wamekwisha kuwafanyia kazi.

Hapa kambini hatuna bunduki, namshukuru Mungu. Tuna foleni ya maji, foleni ya chakula, na midomo. Nimezungumza na mzee wa bloku ile. Wale vijana wa jerikeni anawafahamu, na mmoja amekwenda mwenyewe kuomba radhi kwa mama. Wengine bado. Kuanzia Jumatatu mama mmoja wa kamati ya maji atakaa bombani asubuhi na jioni. Mtoto yeyote akisukumwa nje ya foleni, amwambie yeye, hata kama hajui jina la aliyemsukuma.

Na kwetu hapa redioni, tumekubaliana Jumanne katika mkutano: tutataja kundi kwa jina lake, ADF. Mkitusikia tumeteleza, njooni mtuambie. Mlango ni ule wa bati la buluu, nyuma ya zahanati, kuanzia saa tisa mchana.

Kipindi kijacho tutakuwa na mfanyakazi wa Msalaba Mwekundu. Ataeleza jinsi ya kumtafuta ndugu mliyepotezana naye wakati wa kukimbia, na karatasi gani unapaswa kuleta. Kama huna karatasi yoyote njoo hivyo hivyo, jina na kijiji vinatosha kuanzia. Usiku mwema.

(Muziki wa kufunga.)