Mataifa Matatu Yaunda Ndege Moja ya Vita

Mwezi wa Desemba, 2022, Serikali za Uingereza, Italia na Japani zilitangaza kwamba zitashirikiana kuunda ndege mpya ya vita, nayo inatazamiwa kuanza kazi mwaka 2035. Waingereza wameipa jina la Tempest, maana yake tufani.

Huenda mtu akauliza: Kwa nini nchi tajiri kama hizi zisiunde kila moja ndege yake? Jawabu ni gharama. Uingereza ilikwisha jaribu peke yake. Tarehe 27 Septemba, 1964, ndege yake ya kutupa mabomu iitwayo TSR-2 iliruka mara ya kwanza. Marubani waliisifu sana, lakini gharama zilizidi kupanda, na mwezi wa Aprili, 1965, Serikali ilikata shauri kuacha kazi hiyo. Ni ndege moja tu iliyopata kuruka, na mafundi wengi wakakosa kazi.

Tangu hapo Waingereza walitafuta wenzi. Pamoja na Wajerumani na Waitalia waliunda Tornado, iliyoruka kwanza mwaka 1974. Kisha, Wahispania walipoongezeka, ikaundwa Typhoon, iliyoruka mwaka 1994.

Ndege mpya haikusudiwi kushinda kwa mbio tu. Umbo lake litafanywa ili rada ya adui isiigundue kwa urahisi. Vyombo vyake vitakusanya habari nyingi kutoka pande zote, na kompyuta zitazichambua upesi, ili rubani aijue hatari kabla haijamfikia. Tena itaweza kuruka pamoja na ndege zisizo na rubani.

Lakini ushirika nao una mashaka yake. Kwa miaka mingi baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1945, Japani ilijizuia kuuza silaha ng'ambo. Na ndege zikiundwa chache, bei ya kila moja huwa kubwa. Basi mwezi wa Machi, 2024, Serikali ya Japani ililegeza masharti yake ili ndege hii ipate kuuzwa, ila si kwa nchi iliyomo vitani.

Jambo jingine ni nani awe mkubwa. Mapatano yalitiwa sahihi Tokyo mwezi wa Desemba, 2023. Ofisi kuu iliwekwa Uingereza, na mkuu wake wa kwanza akawa Mjapani. Kampuni ya kuiunda, iitwayo Edgewing, ilitangazwa mwaka 2025. Mkuu wake wa kwanza akawa Mwitalia, na kila upande ukapewa theluthi moja ya hisa.

Wakulima waliomo katika vyama vya ushirika watalifahamu jambo hili vema. Kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini vidole vikishindana, chawa hupona. Mataifa haya matatu yatapimwa kwa jambo moja: kama kila moja litaendelea kutoa fungu lake mwaka hata mwaka, hata wakati hazina yake itakapopungua.