Maji ya Zambia: Kuchemsha Peke Yake Hakutoshi

Madereva na wafanyabiashara wanaovuka Tunduma kuingia Zambia hukagua matairi, mafuta na karatasi za forodha kabla ya safari. Maji ya kunywa na ya kuoga mara nyingi hukumbukwa mwisho, ingawa yanaweza kumlaza dereva kitandani, kuchelewesha mzigo na hata kufunga soko zima.

Si kwamba maji yote ya Zambia ni mabaya. Miji mikubwa ina maji ya bomba yanayotiwa klorini, na kampuni zinazoyauza husimamiwa na baraza la taifa la maji na usafi wa mazingira, NWASCO, lililoundwa chini ya sheria ya mwaka 1997. Tatizo ni kwamba hatari hubadilika kadiri gari linavyosogea. Lusaka hatari kubwa ni vijidudu vya kinyesi. Katika Ukanda wa Shaba ni tindikali na metali za migodini. Kwenye mito na maziwa ni kichocho na mamba. Kinga ya hatari moja haizuii nyingine, na hapo ndipo wageni wengi hukosea.

Lusaka: mwamba wenye nyufa

Lusaka hupata maji kutoka sehemu mbili. Moja ni Mto Kafue, ambako maji husafishwa katika mtambo wa Iolanda na kusukumwa hadi mjini. Nyingine ni visima virefu vilivyochimbwa ndani ya mji wenyewe.

Sehemu kubwa ya mji imekaa juu ya mwamba wa aina ya chokaa uliojaa nyufa na mashimo. Mwamba huo unahifadhi maji mengi, lakini hauyachuji. Kwenye udongo mzito maji machafu hupita polepole na vijidudu vingi hufa njiani. Kwenye nyufa za Lusaka uchafu wa choo cha shimo unaweza kufika kwenye kisima cha jirani kwa muda mfupi, hasa mvua zinapoanza na maji ya ardhini kupanda.

Mitaa kama Kanyama ina watu wengi, vyoo vya shimo vingi na visima vifupi vilivyochimbwa kwa mkono. Maji ya visima hivyo huweza kuonekana maangavu na yakawa na ladha nzuri. Uangavu huo hauonyeshi kama kuna kinyesi ndani yake.

Matokeo yake yameonekana zaidi ya mara moja. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Oktoba 2017 ulipata wagonjwa zaidi ya 5,000, wengi wao Lusaka, na watu zaidi ya 100 walikufa. Ule ulioanza Oktoba 2023 ulikuwa mkubwa zaidi: hadi kumalizika mwaka 2024 wagonjwa walikuwa zaidi ya 20,000 na waliokufa zaidi ya 700. Uwanja wa mpira wa Heroes jijini Lusaka uligeuzwa kituo cha matibabu, na ufunguzi wa shule ulisogezwa mbele Januari 2024.

Hasara kwa biashara

Mlipuko wa 2017 na 2018 uliwagusa wafanyabiashara moja kwa moja. Wachuuzi waliondolewa mitaani, uuzaji wa vyakula barabarani ukapigwa marufuku, na wanajeshi wakaingizwa Lusaka kusafisha mitaa na masoko. Aliyekuwa na shehena ya bidhaa za kuharibika alibaki nayo.

Kwa madereva kuna jambo la ziada. Kipindupindu huanza kuonyesha dalili kati ya saa chache na siku tano baada ya kumeza vijidudu. Kutoka Lusaka hadi Nakonde ni takriban kilomita 1,000. Dereva aliyekunywa maji machafu Lusaka anaweza kuendesha akiwa mzima, kisha akaanza kuharisha akiwa kwenye foleni ya mpakani, mahali penye watu wengi na vyoo vichache. Hapo si mgonjwa tu, bali ni njia ya ugonjwa kuingia nchi ya pili.

Wenye malori wanajua gharama ya mpaka kufungwa kwa sababu ya ugonjwa. Mei 2020 Zambia ilifunga mpaka wa Nakonde kwa siku kadhaa baada ya maambukizi ya Uviko-19 kuongezeka mjini hapo.

Ukanda wa Shaba: hatari isiyokufa kwa moto

Kapiri Mposhi ndipo njia zinapogawanyika. Anayekwenda kusini anaelekea Kabwe na Lusaka. Anayekwenda kaskazini anaelekea Ndola, Kitwe, Chingola na Kasumbalesa, mpaka wa kuingia Kongo. Huko hatari inayoongezeka ni ya kemikali.

Baadhi ya viwanda vya shaba hutumia tindikali ya salfa kuyeyusha shaba kutoka kwenye mawe. Mabaki huwekwa kwenye mabwawa yaliyozungushiwa kingo za udongo. Tarehe 18 Februari 2025 ukingo wa bwawa la kampuni ya Sino-Metals Leach Zambia ulibomoka karibu na Chambishi. Lita zipatazo milioni 50 za maji ya tindikali zilitajwa kuwa zimeingia kwenye kijito cha Mwambashi na kutoka hapo Mto Kafue. Samaki waliokufa walionekana umbali wa kilomita 100 kuelekea chini ya mto, na Kitwe, mji wenye mamia ya maelfu ya wakazi, ulikatiwa maji ya bomba.

Serikali ilimwaga chokaa mtoni, mwingine kwa ndege, ili kupunguza ukali wa tindikali. Baadaye ilieleza kuwa vipimo vimerudi katika hali ya kawaida. Hata hivyo, Agosti 2025 Ubalozi wa Marekani uliwaagiza watumishi wake waondoke Kitwe na maeneo jirani, ukitaja wasiwasi kuhusu metali katika maji na udongo.

Tindikali na metali ni mambo mawili tofauti. Chokaa hupunguza ukali wa tindikali, lakini metali hazitoweki. Nyingi hutulia kwenye tope la mto, na mvua kubwa au mafuriko yanaweza kulitibua tena.

Kuchemsha hakuondoi metali. Sufuria ikichemka, kinachopaa ni maji. Metali hubaki ndani, na kadiri maji yanavyopungua ndivyo zinavyozidi kukolea. Dawa ya klorini nayo huua vijidudu tu. Kwa hiyo maji yaliyochotwa mtoni chini ya migodi hayafai kunywa wala kupikia, hata yakichemshwa kutwa nzima.

Kabwe: risasi kwenye vumbi

Kabwe, kati ya Kapiri Mposhi na Lusaka, ulikuwa mji wa mgodi wa risasi na zinki tangu mwanzoni mwa karne ya 20 hadi mgodi ulipofungwa mwaka 1994. Risasi ilibaki kwenye udongo na vumbi la mitaa iliyo karibu na mgodi wa zamani, na watoto ndio wanaoathirika zaidi. Kwa anayepita, kinga ni nyepesi: kunawa mikono kwa maji na sabuni kabla ya kula, na kutoacha ndoo ya maji wazi kwenye vumbi.

Kuoga mtoni na ziwani

Baada ya siku nzima kwenye kabini lenye joto, mto ulio kando ya daraja huvutia. Lakini kichocho hakihitaji mtu anywe maji. Vimelea vyake hutoka kwenye konokono wa maji yaliyotulia yenye majani, huogelea na kupenya ngozi kwa dakika chache. Ziwa Kariba ni moja ya maeneo yanayojulikana kwa ugonjwa huo. Damu kwenye mkojo au kinyesi yaweza kuja baada ya wiki au miezi, wakati dereva amekwisha sahau alikooga. Dawa ipo, prazikwanteli, na hutolewa baada ya vipimo hospitalini.

Njia salama ni kuoga kwa ndoo. Maji ya ziwa au mto yaliyokaa kwenye tangi bila konokono kwa siku mbili huwa yamepoteza vimelea vya kichocho, kwani haviishi muda mrefu nje ya konokono. Maji hayo yanafaa kuoga, hayafai kunywa bila kutibiwa. Yakihitajika mapema, yachemshwe kwanza, kisha yaachwe yapoe.

Mamba ni hatari nyingine. Wapo Kafue, Luangwa, Zambezi, Kariba na Ziwa Tanganyika. Wafanyabiashara wanaoshukia bandari ya Mpulungu wasifue wala kuoga ukingoni, hasa jioni na usiku.

Mambo ya kuzingatia safarini

1. Dumu la maji liwe la maji tu. Lililowahi kubeba dizeli au kemikali lisitumike hata likioshwa.

2. Madumu yajazwe maji ya bomba la kampuni ya maji kabla ya kufika eneo lenye mashaka. Anayekwenda Kitwe au Chingola ajaze kabla ya kuacha Kapiri Mposhi.

3. Maji ya bomba na ya visima yachemshwe hadi yatokote kwa dakika moja, au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa na yaachwe dakika 30. Yenye tope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi, kwani tope huipunguzia klorini nguvu.

4. Chupa ya maji ya dukani ikaguliwe kifuniko. Muhuri uliokatika ni dalili kwamba huenda chupa imejazwa tena.

5. Kampuni ya maji ikitangaza kufunga bomba kwa sababu ya uchafuzi wa mgodi, maji mbadala yasitoke mtoni. Yawe ya chupa au ya kutoka mji mwingine.

6. Kwenye kabini zisikosekane pakiti za ORS. Zikikosekana, lita moja ya maji salama huchanganywa na vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kufuta. Anayeharisha majimaji mfululizo apelekwe kituo cha afya bila kungoja zamu ya foleni, kwani kipindupindu kinaweza kuua kwa saa chache.

7. Vyoo vya maegesho vitumike. Kinyesi kinachoachwa vichakani huishia kwenye visima vya wenyeji na kurudi kwa madereva wenyewe kupitia mama lishe.

Vipi kuhusu cheti mpakani?

Wakati wa mlipuko maofisa wa afya mpakani wana haki ya kuuliza maswali, kupima joto na kumtenga mgonjwa. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani halipendekezi kuzuia safari au biashara kwa sababu ya kipindupindu, na chanjo yake haitakiwi na kanuni za kimataifa kama sharti la kuvuka. Kadi ya njano ya kimataifa kwa kawaida inahusu homa ya manjano. Dereva anayedaiwa fedha kwa ajili ya "cheti cha kipindupindu" aombe maelezo katika ofisi ya afya ya mpaka, na kama kuna malipo yoyote, adai risiti ya serikali.

Kwa kampuni za usafirishaji, chupa ya klorini, dumu safi na pakiti chache za ORS ni gharama ndogo kuliko siku moja ya lori kusimama. Lakini vifaa hivyo vinasaidia tu iwapo dereva anajua yuko wapi. Lusaka achemshe; chini ya migodi asichote kabisa; na ziwani aogee ndoo.